Ijumaa za Kocha Imran

Bismillahi. Baada ya kuwaamkia masheikh, wazee, majirani na nyote mliokuja kutupa mkono wa tanzia, wanaume hapa ndani ya ukumbi wetu wa sabla na kina mama nyuma ya pazia, mimi ni Khalaf bin Thabit, shemegi wa marehemu, kaka wa mjane, na nimesimama na karatasi hii kufanya jambo ambalo wengi wenu hamlijui na baadhi yenu hamlitaki. Toka juzi nasikia watu wakiulizana, maiti keshazikwa, Kurani inasomwa, kahawa inanywewa, sasa karatasi ya nini. Sisi tuliozaliwa Tabora tumekulia penye desturi hii, mtu akifa mmoja wa nyumba yake husimama akaeleza alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliumwa nini, ili mwenye neno la kusema aliseme juu ya mtu mzima na asiliseme juu ya kipande chake. Dada yangu Azza ndiye aliyenitaka niisome, na sharti lake lilikuwa moja, nisifiche kitu.

Sababu yake mnaijua, hata mkiitazama kahawa kama hamkunisikia. Tangu Jumanne jioni, tulipotoka makaburini, limezunguka neno kutoka mtaa wa juu hadi mtaa wa chini na kurudi, kwamba hapa Ibra hakuna aliyepata kumwona mtu huyu kwenye sala ya Ijumaa, hata mara moja. Kama hakuwa akisali, basi Uislamu wake ulikuwa kanzu ya harusi, huvaliwa siku ile ukavuliwa, na kama ni hivyo, dada yangu aliyekaa naye miaka minane alikuwa nani kwake, na watoto wake wawili ni watoto wa nani. Hilo ndilo lililoko mbele yetu leo. Na mimi msinitazame kama wakili wake, kwani nimefanya kazi ya forodha Kigoma na bandarini Matrah hapa Oman, maisha yangu yote nimeyala kwa kufungua mizigo ya watu, na mzigo wa huyu bwana nilianza kuutilia shaka kabla yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika mji wa Olhão, pwani ya kusini ya Ureno, mtoto wa tatu wa bwana aliyekuwa akipakia dagaa kwenye makopo kiwandani na bibi aliyekuwa akishona nyavu, wakampa jina la Joaquim, ambalo hapa kwetu hakuna aliyewahi kulitamka mara mbili kwa namna moja. Alisoma madarasa manne katika shule ya kanisa jirani na kwao, akaacha mwaka 1947 kwenda kufanya kazi kiwandani pamoja na baba yake, na jioni akicheza mpira pembezoni mwa mashamba ya chumvi, penye ardhi nyeupe na ngumu ambayo ukianguka inakuchuna. Haya ameyasema mwenyewe, shahidi hapana, lakini nilimuuliza miaka tofauti na kwa kumbadilishia maneno, na majibu yake hayakubadilika.

Mwaka 1953 aliingia timu ya vijana ya mji wao, na mwaka 1955 akapandishwa timu ya wakubwa, akicheza beki wa kati, hakuwa na mbio, hakuwa na shuti, lakini washambuliaji walimchukia. Kocha wake wa kwanza alimfundisha kwamba beki hatazami mpira, kwa sababu mpira unadanganya, na hatazami macho ya mtu, kwa sababu macho yanadanganya zaidi, beki anatazama miguu na kiuno, hapo mtu hawezi kusema uwongo. Tabia hiyo ilimkaa maisha yake yote, kwenye kahawa, ofisini, harusini, yeye alikuwa akizungumza na watu huku anawatazama miguu, na kwetu sisi mtu asiyekutazama usoni kuna kitu chako amekichukua. Nakumbuka alipofika hapa, wazee walianza kukunja miguu ndani ya kanzu kila akiingia.

Mwaka 1957 alipelekwa Msumbiji kwa utumishi wa jeshi, akamaliza mwaka 1959, hakurudi kwao, akabaki Beira akichezea timu ya wafanyakazi wa reli mpaka tarehe 22 Mei 1966, siku goti lake la kushoto lilipovunjika katika kuzuia bao, bao lenyewe likaingia vilevile. Tangu hapo akawa anachechemea, na tangu hapo akawa kocha. Mwaka 1967 alihamia kaskazini, Porto Amélia, akafundisha vijana wa huko mpaka mwaka 1975 nchi ilipopata uhuru wake, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, Kiswahili cha Wamwani, watu wa pwani ile, kinachopanda na kushuka pasipo penyewe, na mji huo baadaye ukabadilishwa jina ukaitwa Pemba. Hilo lilimponza, kwa sababu alipofika Ibra akawaambia jamaa zetu wa Wete na Chake kwamba alikaa Pemba miaka minane, wakamuuliza habari za mashamba ya karafuu, hakujua mti wa karafuu ukoje, wakatoka hapo na hukumu yao.

Alifika Oman tarehe 3 Septemba 1978, kwa mkataba wa kufundisha klabu yetu ya An-Nakhla hapa Ibra, akapewa nyumba karibu na uwanja na gari aina ya Land Rover lililokuwa limechoka kuliko yeye. Siku ya kumkaribisha, Sheikh wetu wa wakati ule alitaka wazee waseme neno, na Mzee Marhoun, ambaye namwona pale mbele na ataniwia radhi, alisimama akasema maneno yaliyoenda mpaka Sur yakarudi: "Wareno babu zetu waliwatoa kwa panga. Huyu kaja kwa mpira, na sie ndio tumemlipia nauli." Watu walicheka, na marehemu, aliyekuwa akifahamu kila neno, alicheka pia, na kule kucheka kwake ndiko kulikomtia shaka Mzee Marhoun zaidi.

Sasa kwa wageni waliotoka mbali niseme jambo ambalo wenyeji tumelizoea mpaka hatulioni. Ibra ni mji mmoja kwenye ramani, lakini una mtaa wa juu na mtaa wa chini, kila mmoja una soko lake, falaji yake ya maji, makaburi yake na misikiti yake, na ugomvi wao ni mzee kuliko mitende. Mgeni akija, hapana anayemuuliza dini yake wala kabila lake, watu hukaa wakahesabu, kahawa ya kwanza kainywa kwa nani, salamu ya Iddi kaanzia wapi, Ijumaa kasali na nani, na hesabu ikikaa upande mmoja basi upande wa pili umeshampoteza. Klabu ilikuwa ya mitaa yote miwili, wachezaji nusu kwa nusu, na makocha watatu waliomtangulia marehemu waliondoka hapa kwa sababu ya kahawa tu.

Mwezi wa Februari 1979 alifanya jambo ambalo likitajwa hadi leo wapo wanaokunja uso. Alinunua kamba ya mtende sokoni, akawachukua mabeki wake wanne, akawafunga viunoni, kila mmoja na mwenziwe, akawaamuru waende mbele pamoja na warudi pamoja, kamba isilegee wala isikaze, kwa sababu mmoja akibaki nyuma, alisema, wote wameharibikiwa. Yeye aliwapanga kwa urefu. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba Musallam, mtoto wa Mzee Marhoun wa mtaa wa juu, amefungwa pamoja na Feruz wa mtaa wa chini, ambaye babu yake sote tunajua alikuwa akimtumikia nani na kwa hali gani, na mimi sitalisema hilo katika tanzia.

Habari ilifika majumbani kabla jasho halijawatoka. Mzee Marhoun alishuka uwanjani na khanjari yake kiunoni, akitaka kujua mtoto wake amefungwa na nani na kwa idhini ya nani, na kutoka upande wa pili akaja Bi Mabruka, mama yake Feruz, na mtandio wake umemvuka mabegani kwa haraka, yeye hakupiga kelele, alimwendea kocha karibu akamwambia, "Bwana, sisi na kamba tushamalizana." Nilikuwepo. Nilimwona marehemu, kwa mara ya kwanza, akiinua macho kutoka kwenye miguu ya watu akamtazama mtu usoni. Alifungua mafundo yote kwa mkono wake, akajifunga yeye mwenyewe kamba ile kiunoni, akampa Bi Mabruka ncha yake, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kimwani kwamba yeye ndiye mwenye kamba, na yule mama alisimama ameishika muda mrefu, akamtazama, halafu akaitupa chini akenda zake kupika. Kamba haikutumika tena, lakini mabeki wale wanne walianza kutembea kama ipo.

Matunda yake tuliyaona Nizwa, siku ya Alhamisi tarehe 13 Desemba 1979, tulipokwenda na magari ya kubebea tende kucheza na timu iliyokuwa imetufunga kila mwaka. Mshambuliaji wao akikaribia kupewa mpira tu, mabeki wetu wanne walikuwa wakisogea mbele kwa pamoja, mikono juu, wanamwacha peke yake na kipa, refa anapuliza kuotea, na sisi tuliokaa pembeni, tusiojua maana yake, tulikuwa tukishikana mashati na kuulizana mchezo umeuzwa kwa nani. Timu zilimaliza bila kufungana. Kocha wetu akacheza ngoma pale pale na goti lake bovu, na Mzee Hamed wa mtaa wa chini akatwambia njiani kurudi kwamba mtu anayefurahia sufuri anajua kitu ambacho sisi hatukijui, na gari zima kila mtu akawa anakitafuta hicho kitu.

Goti ndilo lililomkutanisha na dada yangu Azza, aliyekuwa muuguzi hospitalini, mwanzoni mwa mwaka 1980. Alikwenda kukandwa, akasikia Kiswahili, akarudi siku ya pili bila maumivu. Baba yetu alikuwa ameshafariki, walii wa Azza nilikuwa mimi, na kwetu mtu haji kuposa peke yake, huja na wazee wake, sasa huyu wazee angewatoa wapi. Siku ya posa niliwaandalia halua na kahawa huku najiambia hatakuja mtu, nikafungua mlango, nikawakuta mabeki wanne, wawili wa juu na wawili wa chini, wamevaa vilemba vya kuazima, Musallam mbele na Feruz ubavuni mwake, wamekuja kusema kwa niaba yake. Niliwauliza maswali magumu, hawakujua kujibu hata moja, ila walisema kwamba wanamjua kwa namna ambayo mtu humjua aliyesimama nyuma yake. Nilikataa. Walirudi mara ya pili, nikakataa, na mara ya tatu Azza mwenyewe alinitumia salamu kwamba kahawa inakwisha.

Alisilimu mbele ya kadhi tarehe 11 Septemba 1980, na kadhi alipomuuliza maana ya jina lake, akasema kwamba kwao Joaquim ndiye baba yake Bibi Maryam, kadhi akasema basi sisi tunamjua, huyo ni Imran, na kuanzia siku ile akaitwa Imran. Akafundishwa sala hapa hapa Ibra, namna tunavyosali sisi. Ndoa ilifungwa usiku wa Alhamisi tarehe 8 Januari 1981, na Mungu akawajaalia watoto wawili, Maryam, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1982, na Harub, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1985. Hata jina la Maryam halikunusurika, kwa sababu walikuwepo waliosema kwamba Mreno alilipanga tangu kwa kadhi.

Kuanzia mwaka huo wa harusi ndipo zilipoanza hizi Ijumaa. Alhamisi baada ya mchezo, au baada ya chakula cha mchana, marehemu alikuwa akipanda gari lake, akashika njia ya Jaalan, na harudi mpaka Ijumaa magharibi. Watu wa mtaa wa juu hawakumwona msikitini kwao, wakasema anasali chini, wakanuna. Watu wa mtaa wa chini hawakumwona kwao, wakasema anasali juu, wakanuna. Miaka miwili ilikwenda hivyo, kila upande unamhesabia upande wa pili, mpaka mwezi wa Oktoba 1983, tulipofungwa na Sur mabao manne, Mzee Marhoun na Mzee Hamed, ambao tangu nimehamia mji huu sikuwaona kwenye busati moja, wakakaa pamoja kumjadili, na katika kuulizana ndipo ilipodhihirika kwamba hajapata kuonekana juu wala chini. Wakakubaliana, la kwanza kukubaliana katika uhai wao, kwamba mtu huyu hasali.

Akaondolewa klabuni tarehe 30 Novemba 1983, hakulalamika, akaenda Sur kufundisha vijana wa huko kwa msimu mmoja, kisha kuanzia Septemba 1985 akaajiriwa mwalimu wa michezo katika shule moja mjini Nizwa, akilala huko siku za kazi na kurudi kwa mkewe mwisho wa wiki, na hata huko hakuacha, anafika nyumbani Jumatano usiku, Alhamisi anaondoka. Hapo ndipo na mimi nilipoamua kufanya kazi yangu. Nilimfuata kwa gari langu mpaka nikapita Al Kamil, nikampoteza kwenye vumbi, nikageuza, na aliporudi nikaliendea gari lake mchana kweupe, nikalifungua kama nilivyofungua maelfu ya magari, nikakuta mchanga mweupe wa pwani chini ya pedali na harufu ya papa mkavu kwenye viti. Papa mkavu wa namna ile anatoka Ashkhara, mji wa wavuvi kule pwani. Nikajua kila kitu, au nilidhani nimejua, huko ana nyumba ya pili, na papa huyo anayeletwa ndani ya nyumba ya dada yangu na kupikwa mchuzi wa nazi amekaushwa na mkono wa mwanamke mwingine.

Nilimwendea Azza nikamweleza. Alikuwa akimwogesha Harub, hakuacha kazi yake, akanambia: "Kaka Khalaf, mie kanambia anakwenda kusali. Mtu akinambia anakwenda kusali, n'namfata kwa jambo gani?" Nikamuuliza msikiti gani mtu anausafiria njia yote ile huku misikiti imejaa mlangoni kwake, akasema hajamuuliza, na mimi nikatoka pale nina hasira na wote wawili, yeye kwa kusadiki na mumewe kwa kusadikiwa. Nilimuuliza na yeye marehemu, uso kwa uso. Akatazama miguu yangu, akasema, "Shemegi, umesimama vibaya."

Maradhi yalimwanza mwezi wa Agosti 1987, maumivu ya tumbo yanayopiga hadi mgongoni, madaktari Maskati wakagundua uvimbe katika kongosho, akapasuliwa mwezi wa Januari 1988, akapata nafuu, akarudi Nizwa kazini, akarudi na kwenye hizo safari zake, akiendesha mwenyewe na mto mdogo ameuweka tumboni. Ijumaa ya mwisho aliyokwenda ilikuwa tarehe 13 Januari mwaka huu. Baada ya hapo hakutoka kitandani, na alfajiri ya Jumanne tarehe 7 Februari 1989, nyumbani kwake hapa Ibra, Azza akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa mlangoni, Mwenyezi Mungu alimchukua, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Jeneza lake lilibebwa na wale mabeki wanne, sasa wana ndevu na wake na matumbo, wakatembea kutoka nyumbani hadi makaburini bila kuambizana neno, na jeneza halikuyumba. Lakini nilikuwa nyuma yao, na nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona kwamba tunamzika pasipo pake.

Historia hii niliiandika Jumanne usiku, na ilikuwa inaishia hapo. Sikuwa na neno la kumpa dada yangu. Mimi sigongi muhuri kwenye kitu nisichokiona, na nilikuwa nimejiandaa kusimama leo nikasema kwamba Ijumaa zake anazijua Mungu, nikakaa chini, na nyinyi mngetoka hapa mkalijaza pengo hilo kwa namna mnayotaka, na Azza angekaa eda yake akisikia.

Jana, baada ya sala ya alasiri, limesimama nje ya sabla hii gari la samaki, wakashuka wanaume saba wenye vumbi mpaka kwenye kope, wakauliza kwa Kiarabu cha pwani hapa ndipo kwa Imran. Mbele yao mzee mmoja, Mzee Sleyum, aliyekaa Unguja, Malindi, mpaka mwaka wa mapinduzi, na Kiswahili chake kimebaki kama alivyokiacha. Dereva wao aliyekuja kuuza samaki soko la hapa siku ya Jumanne ndiye aliyewapelekea habari kwamba amefariki Imran wa Ibra, mgeni mwenye kuchechemea, nao wakafunga maduka wakaja. Wakasema wanatokea Ashkhara, kuna msikiti mdogo nyuma ya vichanja vya kuanikia papa, na marehemu alikuwa akisali Ijumaa na wao tangu mwaka 1981.

Nyinyi mnanijua, sikumkumbatia. Nilimchukua Mzee Sleyum pembeni nikamkagua. Nilimuuliza mguu uliokuwa mbovu, akasema wa kushoto, na kwenye kusujudu alikuwa akiutanguliza kwa uchungu. Nilimuuliza alikuwa akikaa safu gani, akasema ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kila wakimvuta mbele anakataa, nikajua huyo ni beki, hapendi mtu nyuma yake. Nikamuuliza swali ambalo muongo asingelijua, mikono yake katika sala ilikuwa wapi. Mzee Sleyum akanambia wao huko hufunga mikono kifuani, lakini Imran alikuwa akiishusha ubavuni, kama tunavyosali sisi wa huku, kwa hivyo hata bila ya kumuuliza walijua kasomeshwa Ibra, na kwa miaka yote minane hakuibadilisha hata walipokuwa wote wamefunga na yeye peke yake ameshusha. Hapo mguu wangu mimi ndio uliosogea.

Nikamuuliza walikuwa wakimjua kwa kazi gani. Wakasema walidhani dereva. Kwamba ni Mreno hawakujua, walimchukulia ni Mshami, Mwarabu wa Siria, kwamba ni kocha hawakujua, kwamba Nizwa alitoka bila kufungwa hawakujua. Alikuwa akifika Alhamisi jioni, anakula nao, analala kwenye baraza ya msikiti, anasali Ijumaa, ananunua papa wa mkewe, anaondoka. Mwanamke wa Ashkhara niliyemjenga kichwani kwangu miaka mitatu, nikampa hata jina, hayupo.

Basi nikamuuliza la mwisho, kwa nini hakutwambia, mtu ana mke anayesemwa, ana kazi anayofukuzwa, neno moja tu lingetosha. Mzee Sleyum yupo hapa, amelala kwetu, ameketi pale karibu na mlango, na ninayasoma maneno yake mbele yake ili mseme kama nimeyabadilisha. Alisema hivi: "Nilimuuliza hilo mie mwenyewe. Akanambia, wallahi nikiwaambia watakuja, wa juu na gari zao, wa chini na gari zao, na msikiti wenu mdogo."

Wazee wangu, mimi nilikuwa na la kusema baada ya hapo, nimelikata. Azza, dada yangu, upo nyuma ya pazia na unanisikia. Zamani Kigoma, mzigo tukishaukagua mpaka chini, tulikuwa tunautia alama ya chaki, na baada ya alama hiyo hapana mtu, awe na cheo gani, anayeruhusiwa kuufungua tena. Mzigo wako nimeufungua mara nyingi kuliko haki yangu, nimeufikia chini, na leo mbele ya mtaa wa juu na mtaa wa chini nautia chaki. Ndoa yako ni ndoa, wanao ni wana wa Imran, na mwenye neno jengine aje kwangu, mimi nitamtazama miguu.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Maskati na wa hapa Ibra, waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia siku hizi tatu, walimu wenziwe waliotoka Nizwa, vijana wake wa Sur, Bi Mabruka, ambaye tangu Jumanne hajatoka jikoni kwa Azza, na ndugu zetu wa Ashkhara. Kuna tangazo moja. Kesho ni Ijumaa, na Mzee Sleyum ametualika tukasali kwao, kwenye sehemu ya marehemu, lakini amesema ana nafasi ya gari moja tu. Gari litakuwa langu, tutaondoka baada ya alfajiri, nafasi zimechukuliwa na Musallam, Feruz na wenzao wawili, na Mzee Marhoun na Mzee Hamed, ambao wote wawili wamekwisha niambia kwa siri, kila mmoja kivyake, kwamba wanataka kwenda, watakaa mbele pamoja, kiti ni kimoja, wabanane.

Pumzika kwa amani, Imran, huko nyuma ulikokupenda, kesho tutakushikia wewe ile safu.